Fardhi Kifaya na Masafa Yake: Kuchagua Chuo cha Elimu ya Mwili na Maradhi kwa Watu wa Amu

Kuchagua chuo cha kusomea shahada ya kwanza ya fiziolojia na patholojia kwa kawaida huhesabiwa kuwa jambo la alama za mtihani, karo na matumaini ya ajira, na kwa hiyo huachiwa mwanafunzi na wazee wake walimalize nyumbani. Fiziolojia ni elimu ya namna mwili ulio hai unavyofanya kazi, jinsi moyo unavyosukuma damu, figo zinavyochuja na mishipa ya fahamu inavyopeleka habari. Patholojia ni elimu ya maradhi, yaani chanzo chake, mwendo wake, na mabadiliko yanayoyaacha katika viungo hata baada ya roho kutoka. Elimu hizi mbili ndizo msingi wa utabibu wote, kwa kuwa asiyejua kiungo kilivyokuwa kizima hawezi kujua kilichoharibika. Katika mji wa Amu (Lamu), uliojulikana Afrika Mashariki nzima kwa zaidi ya karne moja kwa darasa zake za dini, uchaguzi huo unazua suala ambalo mafakihi wamelijadili tangu zamani: je, ni haki ya mtu peke yake kuamua atakachosoma na mahali atakaposomea, au mji wake nao una haki ndani ya uamuzi huo? Makala haya yanashikilia kwamba mji una haki, kwamba haki hiyo hupimwa kwa urefu wa njia, na kwamba mji unaoidai haki hiyo hubeba wajibu usiopungua ule wa anayedaiwa.

Sheria ya Kiislamu inazigawa faradhi sehemu mbili. Fardhi aini ni ile inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake, kama swala tano na funga ya Ramadhani, ambayo mtu hawezi kumtimizia mwenziwe. Fardhi kifaya ni ile inayoulazimu umma kwa jumla, hata wakitokea wa kuitimiza kwa kiasi cha kutosha wengine wakaondokewa na dhima, na wasipotokea wakapata dhambi wote walioweza kuitimiza au kuisaidia wakaiacha. Mfano unaojulikana na kila mtu ni maiti: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye vitabu vyake vinasomwa na watu wa madhehebu ya Shafi pwani yote, aliuhesabu utabibu katika fungu hilo hilo, pamoja na hesabu na kazi za mikono ambazo maisha ya watu hayasimami bila hizo. Akaongeza lawama ambayo haijachakaa: kwamba miji mingi ya Waislamu wa zama zake haikuwa na tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, ilhali watu walisongamana katika kusoma fiqhi, hususa mabishano yake, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na vyeo, usimamizi wa wakfu na kutangulia mbele ya watu. Mwalimu wake, Imamul-Haramaini Juwaini, alikuwa amekwenda mbali zaidi kwa kuona kwamba anayesimama na fardhi kifaya ana daraja kubwa kuliko anayetimiza fardhi aini tu, kwa kuwa wa kwanza anauondolea umma mzima dhambi na wa pili anajiondolea mwenyewe.

Lawama ya Ghazali isichukuliwe kuwa ni kuwadunisha wanazuoni wa dini, maana yeye mwenyewe alikuwa mkubwa wao, na Amu haina sababu ya kuuonea haya Msikiti wa Riyadha na chuo chake, urithi wa Habib Swaleh Jamalil-Lail, mzaliwa wa Ngazija, aliyewafundisha watu wa kila tabaka bila ya kuuliza nasaba zao. Lakini lawama hiyo inauhusu mji wowote ambao wanafunzi wanaujia kutoka mbali kuchukua elimu ya dini, na wagonjwa wanautoka kwenda mbali kutafuta elimu ya mwili.

Neno hili la umbali ndilo kiini cha jambo, na ajabu ni kwamba mafakihi wa Kishafi walilitaja waziwazi katika elimu nyingine, wala hawakuliacha hewani. Walisema kwamba ni wajibu asikosekane mufti katika kila masafa ya kupunguza swala, yaani mwendo wa marhala mbili, ambao kwa vipimo vya leo ni kilomita themanini na kitu; na kadhi wakamtaka awe karibu zaidi ya hapo, kwa umbali ambao mtu anayetoka kwake alfajiri humfikia na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maana ya kanuni hiyo ni kwamba fardhi kifaya haitimizwi kwa kuwapo mjuzi mahali fulani duniani, bali hutimizwa kwa kuwapo mjuzi anayefikika. Iwapo hivyo ndivyo kwa mtu anayeulizwa kuhusu talaka na mirathi, ambaye siku hizi anaweza kuulizwa hata kwa simu, basi kwa mtu anayetakiwa aushike mwili wa mgonjwa au akitazame kipande cha nyama yake inapasa iwe hivyo zaidi. Kutoka Amu hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300, ambazo ni kiasi cha mara nne ya masafa hayo, na kabla ya kuianza barabara yenyewe, kuna kuvuka kwa boti hadi Mokowe. Mtu wa Kizingitini au Faza katika kisiwa cha Pate ana safari nyingine kabla ya hiyo, kwa kuwa boti yake hupitia mlango wa Mkanda, ambao ni lazima kungojea maji yajae ndipo upitike. Mgonjwa akizidiwa wakati wa maji kupwa, hata Amu yenyewe iko mbali. Kaunti nzima ilihesabiwa kuwa na watu 143,920 katika sensa ya mwaka 2019, na wametawanyika visiwani na bara, idadi isiyoweza kuitwa ndogo kiasi cha kusamehewa kanuni ya masafa.

Yafaa kuonyesha kazi yenyewe kwa karibu, ili ieleweke ni kitu gani kinachokosekana mjuzi anapokuwa mbali. Mwanamke anapopatikana na uvimbe titini, mkono wa daktari peke yake hautoshi kuamua kama uvimbe huo ni saratani au ni kitu kisicho na madhara. Hukatwa kipande kidogo, kikatiwa ndani ya kichupa cha formalini, dawa inayokizuia kuoza. Kisha kikakaushwa maji yake, kikazamishwa katika nta, na nta ikishaganda kikachanjwa kwa mashine vipande vyembamba kupita unywele mara nyingi, vya kiasi cha mikroni 4, kila mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vipande hivyo hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili, viini vya seli vikageuka zambarau iliyokoza na sehemu nyingine zikawa waridi, na hapo ndipo mtaalamu wa patholojia anapoinama juu ya hadubini kutazama kama seli zimekaa kwa mpango wake au zimevuka mpaka na kuvamia jirani zake. Hukumu ya kukata titi au kuliacha hutegemea macho yake. Pasipokuwa na mtaalamu huyo, kichupa hupakiwa safarini na mwenye titi hubaki anangoja, na katika saratani kungoja nako ni sehemu ya ugonjwa.

Likishakubalika hilo, hutokea pingamizi ambalo wazee wengi wa pwani hulihisi hata wasipolisema, nalo ni kwamba elimu hii haisomwi bila ya maiti. Pingamizi hili lina asili nzito wala halistahili kupuuzwa na watu wa vyuo. Imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai, na adabu hiyo inaonekana katika mikono ya mwosha maiti wa Amu: mwili umefunikwa tangu kitovuni hadi magotini, ameuinua kidogo kwa mgongo, mkono wa kushoto umezongwa kitambaa, tumbo linakamuliwa polepole kutoa kilichobaki, maji ya majani ya mkunazi yanatangulia na ya kafuri yanamalizia, na ambacho mwosha amekiona mwilini hakisimulii nje. Mtu aliyeizoea heshima hiyo akiambiwa kwamba mwanawe atasimama na wenziwe mbele ya meza ya chuma wampasue maiti kwa miezi kadhaa, hana budi kushtuka.

Jibu halikuanza leo. Ibn Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa tabibu na pia mwalimu wa fiqhi ya Kishafi, madhehebu hayo hayo ya Amu. Naye alipoandika ufafanuzi wa elimu ya viungo katika kitabu cha tabibu Ibn Sina, mwaka 1242, alieleza kwamba sheria na huruma aliyoumbwa nayo vilimzuia asipasue. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho alilipinga neno la Galen, tabibu wa Kiyunani, aliyedai kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa vitundu vilivyomo ukutani, na akathibitisha kwamba ukuta huo ni mzito na hauna vitundu, na kwamba damu lazima ipite mapafuni ikachanganyike na hewa ndipo irejee moyoni. Hiyo ni fiziolojia halisi, iliyotangulia kitabu cha Mwingereza William Harvey cha mwaka 1628 kwa karibu karne nne. Mfano wa Ibn Nafis unaonyesha mambo mawili ambayo ni lazima yashikwe pamoja: kwamba haya mbele ya maiti haikumzuia mtu kuwa mjuzi mkubwa, na kwamba hata ujuzi mkubwa namna hiyo uliishia mahali ambapo jicho halikuruhusiwa kufika.

Mafakihi wa madhehebu yake, kwa upande mwingine, hawakuihesabu hurma ya maiti, yaani heshima inayomkinga, kuwa haina kinachoweza kuitangulia. Walijuzisha kupasua tumbo la mwanamke aliyekufa na mtoto aliye hai tumboni, na wakajuzisha kumpasua aliyekufa akiwa amemeza kito cha mtu mwingine, mwenye mali akidai. Ikiwa kito kilitosha kuwa sababu, ni vigumu kueleza kwa nini uhai wa wagonjwa wajao usitoshe. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, lilipokutana Makka mwaka 1987, lilifuata mizani hiyo na kuruhusu kupasua maiti kwa uchunguzi wa jinai, kwa kutambua maradhi yasiyotambulikana vingine, na kwa mafunzo ya vyuo vya tiba, likaweka masharti: kuwe na idhini ya marehemu kabla ya kufa au ya warithi wake, kusizidishwe juu ya haja, maiti ya mwanamke isishikwe na wanaume ila wakikosekana wanawake, na sehemu zote za mwili zizikwe.

Sharti la idhini ndilo linalopaswa kumshughulisha mwanafunzi Mwislamu zaidi ya sharti lolote. Nchini Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Anatomia, maiti wanaokosa wa kuwachukua huweza kupelekwa katika vyuo vya tiba, na maiti asiye na wa kumchukua mara nyingi ni fukara aliyekufa mbali na kwao, ambaye hakuna aliyemuuliza wala aliyeulizwa kwa niaba yake. Kwa hiyo elimu inayowafaa wote hulipiwa kwa miili ya wale ambao katika uhai wao walipata sehemu ndogo kabisa ya manufaa yake. Hili ni deni la kweli, na ni aibu kulipitia kwa haraka. Chuo kinachomtaka mwanafunzi aingie chumba cha anatomia kwa adabu, kinachozuia picha na mzaha, kinachoweka daftari la kila sehemu ya mwili na kuuzika mwili huo mwisho wa mwaka, kina ubora ambao hauonekani katika orodha za vyuo bora. Na mzazi wa Amu ana haki ya kuuliza habari zake kabla ya kuuliza habari za bweni.

Yako maswali mengine ya kuuliza, nayo ni makavu zaidi lakini kuyaacha kumewagharimu wengi miaka. La kwanza ni kile ambacho shahada yenyewe inaruhusu. Shahada ya fiziolojia peke yake haimfanyi mtu kuwa daktari. Inamwandaa kwa utafiti na ualimu, na aliye nayo haruhusiwi kutibu. Mtaalamu wa patholojia wa hospitali husoma kwanza udaktari, miaka mitano au sita, akafanya kazi chini ya uangalizi mwaka mmoja, kisha akarudi chuoni kwa shahada ya uzamili ya kiasi cha miaka minne. Kati ya hao wawili yuko mtaalamu wa maabara ya tiba, ambaye shahada yake huchukua miaka minne na ambaye husajiliwa na bodi ya fani yake; huyu ndiye anayepima damu, kuotesha vijidudu na kuandaa vile vioo vya hadubini. Kwa kanuni ya masafa iliyotangulia kuelezwa, mji unamhitaji huyu wa mwisho kwa haraka kuliko wengine, kwa sababu hurejea upesi na kazi yake hufanyika kila siku. Mwanafunzi mwenye alama za udaktari na moyo wa subira ashike njia ndefu, lakini asidanganyike kwamba jina zuri la shahada ndilo lenye kumfikia mgonjwa.

Vyuo vyenyewe vinajulikana. Makerere imefundisha tiba tangu mwaka 1924, Dar es Salaam tangu 1963, Nairobi tangu 1967, na Eldoret ina shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi. Mombasa kiko Chuo Kikuu cha Kiufundi, chenye masomo ya maabara ya tiba. Kuna pia vyuo vya nje ambavyo vijana wa pwani wamevipenda kwa sababu ya mazingira ya Kiislamu na ufadhili, na kwa miaka mingi Khartoum ilikuwa juu katika hivyo. Vita vilivyoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023 viliwakuta wanafunzi wa Kenya humo, wakalazimika kuhamishwa, na wengine wakakatikiwa na masomo njiani. Hakuna aliyekosa kwa kuchagua Khartoum. Lakini tukio hilo limewakumbusha wazazi kwamba mazingira ya ibada hayaondoi wajibu wa kuuliza kuhusu usalama, kutambuliwa kwa shahada nchini, na hospitali ambayo chuo kinaitumia kufundishia, kwa kuwa elimu ya maradhi haisomwi mahali pasipo na wagonjwa.

Wengi huswali istikhara katika hatua hii, yaani swala ya rakaa mbili pamoja na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu achague kilicho na heri, kisha wakangoja ndoto. Ndoto si sharti la istikhara, na maulamaa wameiweka istikhara sambamba na mashauri ya wajuzi. Anayeingia katika mfumo wa KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi nafasi, bila ya kumuuliza hata mtu mmoja aliyeisoma fani hiyo, ameswali nusu ya jambo.

Suala la mabinti lina uzito wake, na ni hapa ambapo desturi ya mji na hoja ya sheria hazijakaa pamoja vizuri. Mafakihi wa Kishafi waliweka mpango wa nani amtazame mgonjwa wa kike: hutangulizwa mwanamke Mwislamu, wala hafikiwi mwanamume wa kando ila kwa kukosekana wanawake. Mpango huo hauwezi kutekelezwa na mji usiosomesha wanawake tiba, na baba anayetaka mkewe akazalishwe na kupimwa na mwanamke, lakini binti yake mwenye alama nzuri za biolojia na kemia akamzuia, anataka kifaya itimizwe kwa binti wa mwingine. Ni kweli kwamba safari ya mwanamke bila ya maharimu ina kikwazo katika madhehebu, na rai mashuhuri huilegeza kwa hija ya faradhi tu, akipata wanawake waaminifu wa kufuatana nao. Lakini wanazuoni wa misingi ya sheria wanakubali kwamba fardhi kifaya ikimwelekea mtu mahususi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuisimamia, huwa kwake kama fardhi aini; na binti aliyefaulu katika kisiwa chenye waliofaulu wachache yuko karibu sana na hali hiyo. Kumtafutia wenzake wa safari, nyumba ya jamaa Mombasa, au bweni la wanawake linaloaminika ni kazi inayowezekana, na mji wenye watu wake Mombasa tangu zamani hauwezi kudai kwamba umeshindwa nayo.

Lililobaki ni mali, na ndipo haki ya mji inapogeuka kuwa wajibu wake. Shatibi, mwanazuoni wa Granada aliyefariki mwaka 1388, alieleza kwamba fardhi kifaya inawagusa wote kwa njia mbili: mwenye uwezo anatakiwa aitimize, na asiye na uwezo anatakiwa amsukume mbele mwenye uwezo. Mzee wa mtaa wa Langoni, Amu, ambaye hajui seli ni nini hakuepukana na faradhi hii. Sehemu yake ni karo. Mkopo wa kawaida wa HELB, chombo cha serikali cha kuwakopesha wanafunzi, una riba ya asilimia 4, na vijana wengi wanaoogopa riba huachwa kati ya dhambi na kukosa elimu, huku watu wenye uwezo wakiwasifu kwa uchamungu wao bila ya kuwatolea chochote. Nawawi, mwanazuoni wa Kishafi, alimruhusu apokee zaka mtu anayeweza kuchuma lakini kuchuma kutamkatiza na masomo ya sheria. Yeye alitaja elimu ya sheria. Ila sababu aliyoitegemea ni kwamba elimu hiyo ni fardhi kifaya, na sababu hiyo imo pia katika tiba, kwa hivyo kiasi, yaani kulinganisha jambo na jambo kwa sababu yake, kina nguvu. Wakfu una wasaa mkubwa zaidi, kwa kuwa hauna mafungu manane ya zaka. Watu wa pwani waliweka nyumba na mashamba yao wakfu kwa misikiti kwa karne nyingi, na mara moja walichangia chuo: taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyoanza kufundisha mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na wengineo, ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi kilichotajwa hapo juu. Nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, Amu, inayokodishwa kwa wageni, ikiwekwa wakfu kwa sharti kwamba kodi yake isomeshe mwanafunzi mmoja wa maabara au udaktari baada ya mwingine, ingeendelea kutoa wataalamu kwa vizazi.

Msaada wa namna hiyo unaruhusu kuwekwa sharti la kurudi, na hapo huulizwa kama aliyesoma kwa mali ya mji kisha akapata kazi Muscat au Doha amehini. Mshahara halali si haramu kwa sababu ya kuwa mbali, na wazee wengi wa Amu wanaishi kwa fedha zinazotumwa kutoka Ghuba. Lakini kama fardhi kifaya inapimwa kwa masafa, basi mjuzi aliyeko Muscat ameitimiza faradhi ya Muscat. Ya Amu imerudi kwa waliobaki, na inawalazimu wamtafute mwingine, au wamwekee yule wa kwanza kile ambacho kukosekana kwake kulimfanya asirudi: nafasi ya kazi katika kaunti, hadubini inayofanya kazi, mashine ya kuchanjia tishu, na umeme usiokatika formalini ikiwa mezani. Mji uliomsomesha mtu kisha ukamngojea arudi kwenye chumba kitupu haujatimiza upande wake wa ahadi, wala hauwezi kumdai upande wake.